Kifungu cha 19 na maji ya Kagera

Klipu yenyewe ilikuwa fupi, haifiki dakika tatu. Kijana wa bodaboda aliifungulia sauti mpaka mwisho pale kijiweni Kyaka, mkoani Kagera, tukiwa tunasubiri kahawa, na mtu ambaye hatukumwona sura akatutangazia kwa Kiswahili kilichonyooka kwamba Rwanda mwaka 1994 hakukuwa na mauaji ya kimbari. Vilikuwa vita. Watu walipigana, wakafa huku na huku, walioshinda wakajiandikia historia yao.

"Jamaa anajua huyu," kijana akasema.

Mzee mmoja kwenye benchi la pili akaweka kikombe chini. Ni mtu wa mtoni. Ujana wake wote aliumaliza kwa kuvua na kuvusha watu kwenye Kagera.

"Mjukuu wangu, mwaka huo ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa sijazaliwa, babu."

"Mimi nilikuwa hapa. Waliokuwa wanapita na maji walikuwa wamefungwa mikono kwa nyuma. Na watoto wamo. Sasa niambie, vita gani hiyo ya kumfunga mtoto mikono?"

Kijana hakubisha, ila klipu hakuifuta. Alichosema ni kwamba kila mtu ana haki ya kutoa maoni yake, ama siku hizi ni kosa? Mwingine akadakia: ukivuka Rusumo ukaingia Rwanda ni kosa, huku ruksa. Watu wakacheka, kahawa ikamiminwa, maongezi yakahamia kwenye bei ya kahawa ya maganda, ambayo kwetu ndiyo siasa yenyewe.

Mimi nilibaki nyuma, kwenye ile ruksa.

## Huku nako si ruksa

Niliitafuta jioni ile ile. Tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kila anayeandika mtandaoni hapa Tanzania anaijua kwa kifungu chake cha 16, kile cha taarifa za uongo, ambacho kimewafikisha watu kizimbani kwa maneno waliyoandika Facebook na WhatsApp. Sogea vifungu vitatu mbele. Kifungu cha 19 kinakataza kuchapisha kwa njia ya kompyuta jambo linalochochea, kukana, kupunguza uzito au kuhalalisha mauaji ya kimbari na uhalifu dhidi ya ubinadamu.

Kwa hiyo kama yule kijana alikuwa ameirusha klipu kwenye magrupu yake, na ningeshangaa kama hakuirusha, ana kesi ya kujibu.

Kwanza niliridhika: kumbe mzee ana sheria nyuma yake.

Muda si mrefu nikaogopa: kumbe kijana naye ana polisi nyuma yake.

Wiki zimepita na hisia hizo mbili hazijapatana. Nimezipa nafasi zote mbili hapa zizozane, kwa sababu kila nikijaribu kuinyamazisha moja, nyingine inaanza kujisifu.

## Kilichopita na maji

Tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya, kaskazini-magharibi mwa Rwanda, mwanasiasa Léon Mugesera alisimama mbele ya wafuasi wa chama tawala akawaambia kwamba Watutsi watarudishwa Ethiopia, na kwamba njia ya mkato ni mto Nyabarongo. Nyabarongo huingia Akagera. Akagera ndiyo Kagera yetu, na Kagera humwaga maji yake Ziwa Viktoria. Mugesera alikimbilia Kanada, akapambana mahakamani miaka mingi asirudishwe, akarudishwa Januari 2012, na mwaka 2016 akahukumiwa kifungo cha maisha.

Mwaka mmoja na nusu baada ya hotuba ile, maji yalileta alichokisema. Upande wa Uganda, karibu na mdomo wa mto na kando ya ziwa, wavuvi na wanakijiji waliwaopoa na kuwazika watu zaidi ya 10,000 katika makaburi ya pamoja ya Kasensero, Lambu na Ggolo. Mkoani kwetu watu waliacha kula samaki. Nyumbani sato alipotea mezani, na sisi watoto tulioambiwa tusiulize ndio tuliouliza zaidi. Mama aliyezoea kupita na beseni la samaki asubuhi akawa anapita na dagaa tu, tena anaapa mlangoni kabla hajaulizwa kwamba ni wa Kigoma.

Hayo nayasema ili ijulikane ninapoandika nimekaa wapi. Mtu akinitumia klipu ya kukana, siipokei kama maoni kuhusu mpira. Anayekana anasema yule mzee ni mwongo, mjane wa Nyamata kule Rwanda ni mwongo, na wale maelfu kwa maelfu waliokiri wenyewe mbele ya Gacaca walikiri njozi. Mahakama hizo za vijijini zilisikiliza kesi zinazokaribia milioni 2 kabla hazijafungwa mwaka 2012. Rwanda aliyeua na aliyeuliwa nduguye wanachota maji bomba moja. Katika hali hiyo, kumwambia manusura kwamba hakikutokea kitu ni kumrudisha aliyeua kwenye haki yake ya zamani.

Na jambo lenyewe halibishaniwi tena kisheria. Tarehe 16 Juni 2006, majaji wa rufaa wa Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, ile iliyokuwa Arusha kwenye majengo ya kituo cha mikutano, AICC, waliamua kwamba mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ni jambo linalojulikana na wote, halihitaji kuthibitishwa upya katika kila kesi. Wakili anaweza kubisha kwamba mteja wake hakuwepo. Hawezi kubisha kwamba hakikuwepo.

Kwa mtu wa Kagera, hoja ingeweza kuishia hapo.

## Jaji aliyepitia kambi

Kilichonizuia nisimalize ni kesi nyingine ya Arusha hiyo hiyo, ile iliyoitwa kesi ya vyombo vya habari. Washtakiwa walikuwa Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza wa redio RTLM, na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura. Tukizungumza habari za maneno kuua, tunazungumza habari za RTLM. Watu walisimama kwenye vizuizi barabarani, panga mkono mmoja, redio ndogo mkono wa pili.

Hukumu ya kwanza, Desemba 2003, iliwatia hatiani kwa upana. Rufaa ya Novemba 2007 ikapunguza. Majaji walisema matangazo ya RTLM ya baada ya tarehe 6 Aprili 1994, siku ndege ya rais wa Rwanda ilipotunguliwa, yalikuwa uchochezi wa wazi na wa moja kwa moja. Yale ya kabla ya hapo, pamoja na chuki yake yote, hayakuthibitika bila shaka kuwa uchochezi wa aina hiyo. Ndani ya jopo lile alikuwemo Theodor Meron, aliyepitia kambi ya kazi ya Wanazi huko Poland akiwa mtoto. Yeye aliandika maoni yake pembeni kwamba maneno ya chuki peke yake, yasiyochochea moja kwa moja, yasifanywe uhalifu wa kimataifa.

Niliisoma sehemu hiyo nikaifunga kompyuta nikatoka nje.

Ningemtarajia mtu kama yule awe wa kwanza kusema wanyamazishwe wote. Alichofanya ni kuuliza mpaka uko wapi, akijua kuliko mimi kinachotokea mpaka usipokuwepo. Sikubaliani naye moja kwa moja. RTLM haikuanza kuua Aprili, ilikuwa inanoa tangu Julai 1993 ilipoanza kurusha matangazo. Lakini swali lake limenikalia.

## Kosa Kigali, hukumu Arusha

Sheria ya Rwanda ya mwaka 2008 kuhusu itikadi ya mauaji ya kimbari ilikuwa pana kupita kiasi. Ndani yake kulikuwa na kumdhihaki mtu, kumcheka kwa msiba wake, kujigamba, kuchochea chuki, vyote katika kapu moja, na kifungo cha miaka 10 hadi 25. Mtoto wa chini ya miaka 12 aliweza kupelekwa kituo cha marekebisho kwa hadi miezi 12. Walioipinga walikuwa wengi, na serikali yenyewe iliirekebisha, kwanza mwaka 2013, tena mwaka 2018. Ya sasa imekaza zaidi: kukana ni miaka 5 hadi 7, na inataja kukana ni nini. Ni pamoja na kusema kulikuwa na mauaji ya kimbari mawili, na kusema kwamba mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi hayakupangwa.

Hilo la mwisho ndilo lililonikaba.

Naelewa limetoka wapi. "Hayakupangwa" ni mlango wa nyuma wa wakanaji: ndege ya rais ilitunguliwa, watu wakapandwa na hasira, yakatokea yaliyotokea, hakuna wa kulaumiwa. Huo ni uongo. Orodha zilikuwepo, mapanga yaliagizwa, na Jean Kambanda, waziri mkuu wa serikali ile, alikiri mwenyewe Arusha mwaka 1998 kosa la kula njama.

Lakini tarehe 18 Desemba 2008, Arusha hiyo hiyo, majaji katika kesi ya Kanali Théoneste Bagosora na wenzake walimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari, wakampa maisha (rufaa ilikuja kupunguza hadi miaka 35), ila shtaka la kula njama ya kuyapanga kabla walisema halikuthibitika pasipo shaka. Maandalizi yaliyoonyeshwa, walisema, yangeweza pia kuelezwa kama maandalizi ya kugombea madaraka na vita. Mwanasheria Mmarekani Peter Erlinder, mmoja wa mawakili wa utetezi katika kesi hiyo, alipokwenda Kigali Mei 2010 alikamatwa kwa tuhuma za kukana, akaachiwa kwa dhamana mwezi uliofuata.

Erlinder simtetei. Alivuka mbali, kutoka "njama haikuthibitika" hadi mahali ambapo waliouawa wanaanza kufifia. Ila mwanafunzi wa sheria Kigali akinukuu aya ile ya hukumu ya Bagosora darasani, kimaandishi amesogea karibu na kosa la jinai kwa kusoma hukumu ya Umoja wa Mataifa. Mwalimu wake atamshauri aruke ukurasa. Atakayebaki akiujadili ukurasa huo kwa uhuru ni mtu wa klipu, ambaye ameshika nusu ya ukweli na hakuna aliyejizoeza kumjibu.

## Gisozi

Tarehe 16 Januari 2010, Victoire Ingabire alirudi Rwanda kutoka Uholanzi akitaka kugombea urais. Siku ile ile alikwenda kwenye kumbukumbu ya Gisozi, Kigali, walikozikwa maelfu kwa maelfu ya waliouawa. Aliyataja mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi kwa jina hilo. Kisha akasema kumbukumbu ile inahusu upande mmoja, wapo Wahutu waliouawa katika uhalifu dhidi ya ubinadamu na ndugu zao nao wanasubiri kuwalilia, na kwamba waliofanya uhalifu wa pande zote washtakiwe.

Ilikuwa busara kuyasema pale, siku ile? Mimi nisingeyasema. Msibani kuna zamu, na aliyefiwa hapewi hesabu ya misiba mingine mbele ya jeneza. Nimejaribu kumweka mzee wa Kyaka asikilize hotuba ile, nikaona anainuka na kuondoka bila kuaga.

Lakini kukosa adabu si jinai.

Alikamatwa mwaka ule ule. Mahakama Kuu ilimpa miaka 8 mwaka 2012. Mahakama ya Juu ikaongeza ikawa 15 mwaka 2013. Yalikuwemo mashtaka mengine, ya kula njama na watu wenye silaha, na hayo siyagusi. Kuhusu maneno ya Gisozi, alikwenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo nayo iko Arusha. Hukumu ilitoka tarehe 24 Novemba 2017. Majaji hawakuidharau historia ya Rwanda. Walisema nchi iliyopitia yale ina haki ya kuchukua hatua za kulinda umoja wa watu wake, na sheria dhidi ya kukana zina sababu halali. Kisha wakayasoma maneno yenyewe, wakakuta hayakani wala hayapunguzi mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Wakasema haki yake ya kujieleza ilivunjwa.

Hukumu ile ndiyo iliyonisaidia zaidi katika wiki hizi. Inakubali sheria na inakataa namna ilivyotumika, kwa kuyasoma maneno yaliyosemwa na si sura ya aliyesema.

Rwanda haikumsubiri jaji amalize. Mwaka 2016, kesi ikiwa mezani, iliondoa tamko lake la kuruhusu raia kwenda mahakama ile moja kwa moja, ikisema mlango huo unatumiwa na watoro wa mauaji ya kimbari. Ingabire alitoka kwa msamaha wa rais Septemba 2018. Juni 2025 alikamatwa tena.

## Ng'ambo ya Kivu

Rafiki yangu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, alisoma rasimu ya makala hii akanijibu kwa ujumbe wa sauti, mrefu, wenye pikipiki na watoto nyuma yake. "Ndugu yangu, hiyo sheria yenu inalinda wafu wa nchi moja. Wetu inawalinda nani?"

Sikuwa na jibu la haraka. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa Oktoba 2010 iliorodhesha matukio 617 ya uhalifu mkubwa nchini Kongo kati ya 1993 na 2003, na ilisema baadhi ya mashambulizi dhidi ya wakimbizi wa Kihutu, yakithibitishwa mbele ya mahakama yenye mamlaka, yangeweza kuitwa mauaji ya kimbari. Mahakama hiyo haijawahi kuundwa. Mtu wa Goma au Bukavu, miji iliyoingia mwanzoni mwa 2025 mikononi mwa M23, waasi ambao Umoja wa Mataifa unasema wanasaidiwa na Rwanda, akisikia Kigali inalaani wakanaji, anasikia mtu mwenye deni akidai deni. Ndiyo maana mwandishi Charles Onana, aliyetiwa hatiani Paris Desemba 2024 na kupigwa faini ya euro 8,400 kwa kuyakana mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, anaonekana shujaa kwa Wakongo wengi.

Hapo nilimjibu rafiki yangu kwa ukali kidogo. Wafu wa Tingi-Tingi, kambi ya wakimbizi wa Kihutu huko Kongo, hawahitaji kupewa nafasi kwa kuwafukuza wafu wa Nyamata. Anayetaka mahakama ya Kongo aidai kwa jina lake. Akichukua njia ya Onana, anampa Kigali sababu ya kutomsikiliza, tena sababu nzuri.

Akajibu: "Tunaidai tangu 2010. Nani amesikia?"

## Umbali wa kutoka Bukoba

Ulaya nitapita haraka. Ujerumani na Austria zina sheria kali kwa sababu uhalifu ulifanyika kwao. David Irving alihukumiwa Vienna miaka 3 mwaka 2006 kwa kuyakana mauaji ya Wayahudi. Miaka 6 kabla, London, ambako sheria ya namna hiyo haipo, Irving mwenyewe ndiye aliyemshtaki mwanahistoria Deborah Lipstadt kwa kumchafulia jina, na jaji akamwanika kwa nyaraka moja moja mpaka akabaki bila jina la kuchafuliwa. Lipstadt huyo huyo hakufurahia kifungo cha Vienna. Alishashinda.

Mwaka 2015, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilisema Uswisi ilikosea kumtia hatiani Mturuki Doğu Perinçek aliyeyaita mauaji ya kimbari ya Waarmenia uongo. Kati ya yaliyopimwa ni umbali wa mahali na wa miaka: Uswisi si Uturuki, na karne karibu nzima imepita. Kipimo hicho kinaudhi, kinafanya wafu wawe na madaraja. Hata hivyo nimekijaribu kwetu. Kyaka iko mtoni kabisa, na walioopoa bado wanakunywa kahawa.

## Ningekiandikaje

Kifungu cha 19 nisingekifuta. Ningekibana. Kosa liwe kukana jambo ambalo mahakama yenye mamlaka imelithibitisha, na liwe limefanywa kwa namna ya kuwachochea watu wamchukie au wamdhuru aliyenusurika. Idadi ya waliokufa, nani alitungua ndege, njama ilianza mwezi gani, na uhalifu wa upande mwingine, vibaki kwa wanahistoria na wabishi wa vijiweni, hata wakiudhi. Mtengenezaji wa klipu, anayejua anachofanya, asiwekwe kundi moja na kijana aliyeirusha akisubiri abiria. Wa pili anahitaji mzee, na siku ile alimpata.

Najua kinachovuja hapo. Mkanaji mwenye suti, mwenye lugha laini na tanbihi nyingi, atapita katikati ya kifungu changu bila kukwaruzwa, na madhara yake ni makubwa kuliko ya klipu. Kwa huyo sina sheria. Nina hukumu za Arusha tu, zilizojaa ushahidi ambao watu wachache wanausoma, tena mwingi uko katika lugha ambazo kijana wa Kyaka hasomi.

Na najua polisi wetu hawatasubiri kifungu kibanwe. Mtanzania akishtakiwa kesho kwa kifungu cha 19 kama kilivyo, pengine kwa kuuliza tu alichouliza Ingabire, akashindwa ngazi zote hapa nyumbani, hataweza kupanda basi kwenda Arusha kuwaomba majaji wale wale wayasome maneno yake. Novemba 2019 Tanzania nayo, mwenyeji wa mahakama hiyo, iliondoa tamko lake. Itabidi apeleke malalamiko kwenye Tume ya Afrika huko Banjul, Gambia, na kusubiri kama wao wataona inafaa kuyarudisha Arusha.